Pembetatu Nyekundu Mlangoni kwa Dina

Miaka ile Waingereza walipokuwa wakiwalazimisha Washambaa kulima kwa matuta, vibao vya barabara vya Lushoto navyo vilibadilishwa. Vya mbao, vilivyooza kwa ukungu, viling'olewa. Vikaja vya bati jeupe juu ya nguzo za chuma, na penye kona kali bati liliongezewa pembetatu nyekundu, tupu, isiyo na herufi hata moja.

Madukani vilisifiwa. Darweshi, muuza vitambaa aliyetoka Tanga, alisema sasa mji umekuwa mji. Lakini sokoni, kina mama walioteremka na maharage kutoka Gare hawakuona cha kusifu. Walianza kupimiwa mashamba, yakaja matuta. Sasa wanatiwa alama majumbani! "Serikali haiweki kitu bure," walisema. Kisha mtu mmoja, hakujulikana nani, akatamka neno mumiani: kwamba nyumba yenye pembetatu ndiyo itakayoendewa, watu wake wanyonywe damu ikafanywe dawa. Na ule wekundu wenyewe, je, ni damu ya nani?

Dina aliishi kwenye kona ya njia iteremkayo Soni, yeye na binti yake mchanga, Selina. Mumewe, Yonathani, alikuwa kibarua wa mkonge Korogwe. Pembetatu moja ilisimikwa mbele ya mlango wao. Tangu hapo majirani wakaacha kuingia. Hata Marta, mama wa ubatizo wa Selina, alipita ng'ambo ya barabara akitazama chini. Kila lori lilipopunguza mwendo pale konani, na sasa yote yalipunguza, Dina alimvuta Selina kifuani.

Kisha Mika, muuza chumvi, hakuonekana siku ya soko, ikasemwa amechukuliwa na mumiani. Adhuhuri ya siku hiyo Ramadhani, fundi wa vibao, alifika na kopo la rangi kurudishia pembetatu iliyochubuka. Wanawake waliokuwa wakikata majani wakapiga yowe. Wanaume wakatoka mashambani na mapanga. Ramadhani akatupa brashi, akakimbilia kwa Dina, kopo bado mkononi.

"Dada, nisitiri! Wataniua!"

Dina alitamani kumsukuma nje. Badala yake akatia komeo.

"Sema kweli. Mnachukua damu?"

"Wallahi, dada, ni rangi tu. Ile inamwambia dereva kuna kona, aende polepole. Basi."

"Mbona hatukuambiwa?"

"Mimi nilipewa nguzo nizisimike," alisema Ramadhani. "Hata mimi sikuambiwa mengi."

Mawe yakaanza kuanguka juu ya nyasi za paa. "Mtoe! Au tunachoma nyumba na nyinyi ndani!" Katika sauti zile Dina aliitambua ya Marta, na hiyo ilimtisha kuliko mawe.

Akamfungua Selina mgongoni. Akasita. Kisha akamweka mikononi mwa Ramadhani, akachukua kopo, akatoka na kuurudisha mlango nyuma yake.

Alitumbukiza mkono ndani ya kopo mbele yao. "Nuseni! Damu gani inanuka mafuta ya taa?"

"Imetiwa dawa!" mtu akapiga kelele. Kundi likasogea. Abrahamu, mume wa Marta na mzee wa kanisa, alikuwa mbele na panga lake.

"Dina," Marta akauliza ghafla, "mtoto yuko wapi?"

"Anaye yeye."

Ndani, Selina alikuwa akilia. Kisha kilio kikakatika kama uzi. Marta akaweka mkono mdomoni. Dina akajiuliza, kweli, alimjua nini mtu yule? Alitaka kugeuka, akaogopa atakachokiona.

Marta ndiye aliyempita na kuusukuma mlango. Ramadhani alikuwa amepiga magoti sakafuni, machozi yanamtiririka, na Selina ameishika kofia yake kwa mikono miwili, anaitafuna.

"Mchukueni mtoto," alisema. "Kisha mnifanye mpendavyo."

Marta akamnyakua Selina, akamkagua shingo na mikono, akamkagua tena. Hakukuwa na kitu. Abrahamu akateremsha panga. "Tumpeleke boma," alisema. "Asiguswe." Hata hivyo walipokuwa wakipanda mtaani, jiwe moja lilitoka nyuma likampasua Ramadhani sikio, na damu yake ilikuwa nyeusi kuliko rangi ile.

Mika alirudi na chumvi yake baada ya siku chache. Alikuwa kwenye msiba Bungu. Hakuna aliyeomba radhi. Askari walimhoji Dina, hakutaja jina la mtu. Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, akaita baraza, akaeleza maana ya vibao vyote, watu wakaitikia, "Ndiyo, bwana," kisha wakarudi makwao kwa njia ya juu, wasipite konani.

Marta alikuja jioni moja na ndizi. Aliziweka sakafuni, akaketi.

"Ningeitia nyumba yako kiberiti, Dina," alisema. "Nilikuwa nacho mkononi."

"Najua, mama. Nilikiona."

Mwisho wa mwezi Yonathani aliporudi, Dina alimwomba atoboe mlango mwingine upande wa migomba, na ule wa barabarani, uliotazamana na pembetatu, auzibe kwa udongo. Yonathani alimtazama mkewe usoni, akaenda kutafuta jembe.