Mshono Uliofika Angani

Kwa Bi Fundi huingii na viatu, hata kama umekuja kuchukua gauni la harusi yako mwenyewe. Vitambaa vya watu hutandazwa sakafuni vikakatwa hapo hapo, na yeye hana muda wa kufua vumbi la miguu ya mtu. Kwa hiyo yule daktari wa meno alipobisha asubuhi ile, mkoba kaukumbatia kifuani utadhani kabeba kichanga, alipokewa kwa neno moja tu.

"Viatu."

Akavua. Akaamkia, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akauliza kama hapa ndipo anapokaa yule mzee wa redio.

Bi Fundi alisimamisha cherehani. Redio! Neno hilo lilikuwa halijatamkwa ndani ya nyumba ile kwa miaka.

Tuelewane hapa. Mumewe, ambaye mtaa mzima humwita Mzee Anga, zamani alikuwa mtu wa redio. Si redio ya kusikilizia taarifa ya habari, hapana. Ni ile ya kusema na kujibiwa, ambayo watu wa dunia nzima huitumia kusalimiana kwa kupenda kwao tu, bila mshahara wala cheo. Wakishaongea, kila mmoja humtumia mwenzake kadi kwa posta: siku fulani, saa fulani, tulisemezana, na sauti yako ilinifikia hivi. Bila kadi, mazungumzo yenu ni porojo. Mzee Anga alikuwa na kadi hadi ukuta hauonekani. Moja tu ndiyo haikuja, nayo ndiyo aliyoitaka kuliko zote. Alidai kwamba siku moja, chombo cha anga kikipita juu ya mji, aliita, na mwanaanga aliyekuwa ndani akamwitikia.

Alichekwa, maskini, na aliyeongoza kumcheka ni mkewe. Bi Fundi ana mdomo, hilo halifichiki. Mzee akianza habari yake alikuwa anakwenda vizuri mpaka pale pa "basi yule bwana akaniuliza," na hapo hapo mkewe anadakia, "Akakuuliza nyanya huku chini bei gani." Watu hoi. Hakuna aliyewahi kujua mwanaanga aliuliza nini hasa.

Siku ya harusi ya binti yao alidakia hivyo hivyo mbele ya wakwe, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee Anga alicheka nao. Kesho yake akapanda juu ya paa akateremsha antena, akabandua kadi zote ukutani, akazitia kwenye boksi chini ya kitanda. Hakununa wala hakugomba. Aliacha tu kusimulia, na si habari ya mwanaanga peke yake, aliacha kusimulia chochote kile. Ukimuuliza anajibu, ukimtuma anakwenda, ukimpa chai anashukuru. Nyumbani mle ikabaki cherehani peke yake ndiyo inayoongea.

Bi Fundi alijaribu kila njia kumrudisha. Alimchokoza, alimpikia, alimnunulia hata betri mpya. Wapi. Katika dunia hii hakuna alichokitaka kama kumsikia mumewe akianza tena habari yake ndefu isiyo na kichwa wala miguu. Na kuomba radhi kulimshinda, maana aombe radhi kwa lipi, na moyoni bado haamini?

Ndiyo maana swali la mgeni lilimkaa vibaya. "Yupo uani," akasema. "Anakaza mguu wa stuli. Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa na mtu, mama. Mimi ni mkusanyaji." Daktari akacheka kwa aibu kidogo. "Vitu vya safari za anga. Wenzangu wanakusanya glavu, wengine stempu. Mimi nakusanya kadi za redio. Mchana nang'oa meno ya watu, jioni nahangaika na kadi zangu. Mume wangu anasema nimepagawa."

Mzee Anga aliingia akifuta mikono kwenye suruali. Alisalimia, akasimama mlangoni kama mtu anayengoja kuambiwa aondoke. Daktari alifungua mkoba, akatoa bahasha ya plastiki ngumu, akaiweka juu ya meza ya cherehani kwa vidole viwili.

"Mwanaanga mmoja alifariki," akasema. "Binti yake aliniuzia kadi zake. Hii ilikuwamo."

Bi Fundi hakusoma kilichoandikwa. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye uzi. Mwekundu, umezunguka kadi pande zote nne, na kila baada ya hatua chache sindano imeruka moja. Cherehani yake ya kwanza ndiyo iliyokuwa na ugonjwa huo. Kila nguo aliyoshona miaka ile ilikuwa na pengo hilo, na wateja walinung'unika.

"Mshono wangu huu," akasema taratibu.

Akakumbuka yote. Mumewe alimjia na vipande viwili alivyokata kwenye maboksi ya vifungo, vyepesi mno kusafiri kimoja kimoja, na gundi imekwisha. Nishonee viwe kitu kimoja, mke wangu. Mimba ilikuwa imekomaa, kiuno kinamkatika, na bado ana viraka vya kumalizia. Alivipitisha chini ya sindano akilalamika, akamrushia. Kabla ya jua kuzama alikuwa hospitali.

"Na huku nyuma?" akauliza.

Daktari aligeuza kadi. Upande wa pili ulikuwa wa kijivu, rangi ya boksi, hauna kitu ila sahihi ya mwanaanga kwa kalamu na muhuri mmoja wa mviringo.

"Huu ni muhuri wa chomboni," akasema, na sauti yake ilishuka yenyewe. "Chini hapa haupo. Ulikuwa unagongwa huko huko juu. Maana yake hii kadi, mama, hii hii, imekwenda angani."

Mzee Anga aliondoka mlangoni, akaja akainama mezani, lakini hakuigusa.

"Alikwenda mara mbili," daktari akaendelea. "Safari ya kwanza ndipo alipoongea na mzee. Aliporudi akakuta kadi zinamngoja, akazijibu zote. Binti yake anasema hii moja ilimnyima raha. Haikuwa na anwani. Bahasha ilishatupwa na watu wa ofisini kwake, na jina la mzee la hewani, hili la herufi na namba lililoandikwa hapa mbele, halikuwa bado kwenye kitabu chochote cha watu wa redio."

"Leseni yangu ilikuwa mbichi mwaka ule," alisema Mzee Anga.

"Ndiyo. Mimi nimelipata kwenye vitabu vya baadaye. Basi yeye, aliposhindwa kuijibu, safari ya pili akaichukua. Alimwambia mwanawe, kama siwezi kuirudisha ilikotoka, angalau niipitishe juu ya nyumba yao. Ilikaa huko miezi. Imepita juu ya paa hili mara zisizo na idadi."

Bi Fundi alitazama juu. Hapakuwa na kitu ila dari na taa yenye utando wa buibui, lakini hakuondoa macho. Uzi wake. Uzi alioutunga kwenye sindano huku akilaani mgongo, ulikuwa unazunguka dunia nzima wakati yeye yuko hapa anagombana na wauza mkaa. Akaona haya, akaona furaha, akaona hofu, yote kwa pamoja, asijue ashike lipi.

Halafu akili ikamrudia. "Umesema haina anwani? Aliandika. Kwenye kipande cha pili, nilimwona kwa macho yangu."

Daktari aliinua kadi akaielekeza dirishani, na mwanga ulipopenya, katikati ya vipande viwili pakajitokeza kivuli cha mistari ya wino. "Nimeyaona maandishi haya," akasema, "ila sijathubutu. Nilitaka kuwaomba ruhusa nifumue pembe moja."

Bi Fundi hakuhitaji kuelezwa. Mshonaji huweka uso wa kitambaa ndani, ndivyo mkono wake ulivyozoea, na siku ile mkono ulikilaza hivyo hivyo kipande cha pili bila yeye kufikiri. Anwani aliifungia ndani yeye mwenyewe. Miaka yote aliyomcheka mumewe kwa kadi isiyokuja, kadi ilikosa pa kurudi kwa sababu ya sindano yake.

Alimtazama mumewe akitegemea kumwona ameshtuka. Mzee Anga hakushtuka hata kidogo.

"Ulijua," Bi Fundi akasema.

"Nilikumbuka nikiwa kwenye benchi la hospitali, bahasha nimeshaitia posta. Nilikumbuka upande wa kijivu wakati natia kwenye bahasha."

"Na hukuniambia? Nikakusema miaka yote hiyo?"

"Ningekuambia saa ngapi? Ulitoka mle ndani na mtoto." Akajikuna kidevu. "Nayo kutuma ya pili ni kama kumdai mtu asante. Watu wa redio hatufanyi hivyo."

Bi Fundi alijifuta macho kwa kipande cha bitana. "Usifumue, mwanangu," akamwambia daktari. "Kama ningeishona sawasawa ingejibiwa ikaishia hapo. Iache kama ilivyo." Akamgeukia mumewe, na sauti yake, ile inayosikika mpaka barabarani, ilitoka ndogo.

"Basi yule bwana akakuuliza nini?"

Mzee Anga aliikodolea kadi macho. Daktari akaanza kufunga mkoba wake, na Bi Fundi akajua kwamba akikataa leo, hatasema tena mpaka wazikane.

"Akaniuliza," mzee akaanza, "huo mlio nyuma yako ni wa nini? Nikamwambia ni cherehani. Mke wangu anashona nguo za mtoto wetu anayekuja. Akanyamaza, nikadhani chombo kimeshapita. Kisha akasema, huku juu sijasikia kitu cha nyumbani kwa miezi, niwekee karibu. Nikavuta waya wa kipaza sauti mpaka mwisho, nikakishika nyuma ya kiti chako. Wewe hukugeuka, ulikuwa unanifokea habari ya gundi niliyoimaliza kwa kubandika kadi. Hatukuongea tena mimi na yeye. Alikusikiliza wewe unashona mpaka akapotea."

Alingoja, kwa mazoea, kudakiwa.

Bi Fundi alikuwa ameuweka mkono juu ya gurudumu la cherehani, na mdomoni hapakutoka neno la mzaha.

"Anza tena," akasema. "Tangu mwanzo. Na usiruke kitu."