Msuko wa Zenobio

Jumapili ile maafisa wa ubalozi mdogo wa Bolivia walikuja mtaani kwetu Liniers, wakapanga meza zao za kuandikisha vitambulisho kwenye ukumbi wa mpira, ili sisi tunaoishi Buenos Aires tusipoteze siku ya kazi. Nilimpeleka mwanangu Adalid. Amezaliwa hapa, ni Muajentina, na baba yake, mume wangu Zenobio, alitaka awe Mbolivia pia. Zenobio mwenyewe alifariki mwezi wa nane. Alitoka na baiskeli kwenda kununua nyuzi za karakana yetu ya kushona, lori likamgonga. Tangu hapo nilikuwa nashona, nakula, nalala, na sihisi kitu. Watu walinisifu kwamba nina moyo mgumu. Moyo gani? Nilikuwa nimekufa ganzi, basi.

Kwetu Potosí, kule Bolivia, mtoto hakatwi nywele ovyo. Huachwa ziote mpaka ukoo ukusanyike, na yule anayekata shungi la kwanza humpa zawadi na kuwa mlezi wake maisha yote. Adalid alikuwa na miaka sita, hajaguswa na mkasi. Kazi hiyo ilikuwa ya babu yake, Don Anacleto, baba wa Zenobio. Basi kila asubuhi Zenobio alimsuka. Msuko mmoja tu, unaanzia juu ya jicho, unalala kichwani, unafunika sikio la kulia na kushuka mgongoni, mwisho anaufunga kwa uzi wa zambarau. Asubuhi ile ya lori alimsuka pia. Hakuna aliyeufumua tena. Ulikuwa umetoka manyoya na kuanza kunuka, na mwalimu wake alishanisema, lakini Adalid alikuwa tayari kuuma mtu. Mimi nami sikuwa na haraka ya kuufumua.

Kwenye foleni tulisimama na jirani yangu Doña Primitiva, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Basilia, wiki hii marehemu wanakuja, na wewe hata mkate hujaoka. Utampokea mumeo kwa biskuti za dukani?"

"Siandai meza mwaka huu."

"Huandai? Ndio mwaka wake wa kwanza! Atafika mchana wa siku ya wafu, ana njaa, ana vumbi la safari, akute mke ameinamia cherehani?"

Meza ya wafu, ya kulisha roho zinaporudi nyumbani, na mikate yake yenye sura za watoto, huandaliwa mtu aliyekufa. Nilikuwa sijafika huko.

Zamu yetu ikafika. Afisa alikuwa kijana mpole mwenye mafua. Akapitia vyeti, akaridhika, akamkalisha Adalid mbele ya kamera. Kisha akakunja uso.

"Mama, fumua hizo nywele. Masikio yote mawili lazima yaonekane."

"Hazifumuliwi," akasema Adalid.

"Nisipoliona sikio, mashine inakataa. Siyo mimi, mzee."

"Hazifumuliwi!" Akashika kichwa kwa mikono yote miwili. "Baba akija ata... atanijuaje?"

Afisa akanitazama. Ukumbi mzima ukanitazama. Ndipo nikajua kwa nini mtoto alikuwa anang'ang'ania. Alikuwa anamsubiri baba yake kwa siku ya wafu, na mimi nilikuwa sijamwandalia hata kiti.

"Tunaweza kurudi lini?" nikauliza.

"Sisi huku hatuji tena hadi mwakani, mama."

Mwakani ni mbali. Kikao cha kijiji chetu kule Potosí kinafanyika baada ya Krismasi, na shamba la viazi la Zenobio lingeandikwa jina la mtoto iwapo tu ana kitambulisho cha kule. Asipokuwa nacho, linakwenda kwa binamu zake. Na nikiufumua ule msuko, hakuna mkono duniani wa kuusuka tena. Nilisimama pale naangalia uzi wa zambarau, nikawa natamani mtu mwingine aamue. Nikampigia Don Anacleto kwa video.

Uso wake ukajaa kwenye simu, kofia hadi kwenye nyusi. Nikamweleza.

"Mkwe, usiufumue," akasema. "Ukate."

"Baba, kukata ni kazi yako."

"Najua ni ya nani. Nimeisubiri miaka sita. Una mkasi?"

"Mshonaji gani hana mkasi?"

"Basi leo mkono wako ni wangu. Ukate mzima, jinsi mwanangu alivyouacha. Adalid! Unanisikia, bwana mdogo?"

"Nakusikia, babu."

"Nakupa yule llama jike mweusi wa zizini kwangu, yule mwenye sufu nyingi, mtukutu. Akizaa, ni wako na watoto wake. Umekubali?"

"Na baba atanijua?"

"Msuko utawekwa mezani, katikati ya mikate. Ameusuka mwenyewe, atakosaje kuujua? Akiinua macho, wewe umekaa pembeni yake."

Adalid akafikiri. "Anauma? Yule llama?"

"Anatema mate tu."

Akashusha mikono.

Nikapitisha mkasi mwembamba chini ya msuko, kama ninavyotoa mshono bila kuharibu kitambaa. Foleni nzima ilisogea kuangalia, Doña Primitiva mbele. Don Anacleto alikuwa anatazama kutoka kwenye simu niliyomshikisha afisa, na afisa mwenyewe alikuwa amesahau kupenga kamasi. Nilikata polepole kutoka juu ya jicho hadi kisogoni. Ukatoka mzima, hakuna fundo lililoachia. Kichwa cha Adalid kilibaki kama majani yaliyoliwa na mbuzi. Sikio lake la kulia lilikuwa jeupe kuliko la kushoto.

"Inua kidevu, mzee," afisa akasema. Kamera ikamulika, mashine ikakubali. "Haya, ombi limepita. Hongera, umekuwa Mbolivia."

"Nilikuwa tayari," Adalid akamjibu.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi na msuko mapajani. Ulikuwa na joto. Nilijua ni joto la kichwa cha mtoto, siyo mpumbavu mimi. Lakini vidole vyangu vilikuwa vinapita mahali vidole vya Zenobio vilipopita, pindo kwa pindo, hadi kwenye fundo la uzi. Alilifunga mara mbili, kama kawaida yake, kwa kuogopa lisifunguke shuleni.

"Primitiva," nikasema, "ule unga wa mikate unanunua wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alisema kwa sauti ya chini. "Nitakupeleka. Unataka kilo ngapi?"

"Nyingi," nikasema. "Zenobio anakula sana." Na hapo ndipo nikalia.