Kabati Lilipokwenda Shule

Kabati lile lilikuwa na cheo kuliko binadamu yeyote ndani ya nyumba. Lilisimama sebuleni, limeziba dirisha la barabarani karibu lote, na ndani yake vilipangwa vyombo ambavyo havijawahi kuonja chakula tangu vitoke dukani. Marehemu baba mkwe alilinunua mwaka aliopandishwa cheo kazini. Alipofariki, mama mkwe alihamishia kabati heshima zote za mume. Alilifuta kila asubuhi kabla hajanawa uso, na mgeni akithubutu kuliegemea, alikohoa kikohozi cha kumsimamisha mtu wima.

Mke wa mwanawe, ambaye wenzake wa darasa la jioni walimwita Mama Pasi kwa sababu alipiga pasi kwa dobi mmoja mkubwa, alilichukia kabati hilo kwa moyo wake wote.

Dobi alikuwa amenunua mashine. Ilimeza shati lililokunjamana ikalitema limenyooka kama askari wa gwaride, haikuwa na mtoto anayenyonya, wala haikuomba ruhusa. Mwisho wa mwezi Mama Pasi asingekuwa na kazi. Alichobaki nacho ni pasi yake mwenyewe, wateja waliomuulizia yeye na si dobi, na macho yaliyokwisha kuliona lile dirisha. Meza hapo, kamba ya kutundikia nguo, mtoto anatambaa pembeni. Bila dirisha hakuna kazi, na bila kazi, masomo ya jioni kwaheri.

"Mama," alianza siku moja, mtoto akiwa ndani ya beseni, povu hadi masikioni. "Nilikuwa naiwaza ile sebule..."

"Usiiwaze," mama mkwe alimkatiza. "Sebule haiwaziwi. Sebule inafagiliwa."

"Lakini hatuikalii, mama. Tunakula jikoni, wageni tunawapokea uani."

"Ndiyo maana bado nzuri."

Mume, dereva wa lori, alipigiwa simu atoe neno. Akasema mtandao unasumbua. Sauti yake ilisikika vizuri kabisa alipokuwa akisema hivyo.

Huko darasani nako mwalimu alikuwa amewatwisha tamthilia ya zamani ya Kirusi, kuhusu jamii inayobadilika. Kila kikundi kiigize onyesho moja mbele ya mtahini. Mama Pasi aliisoma huku akinyonyesha, akashangaa. Warusi wale walilia kila baada ya kurasa mbili, walikunywa chai kila baada ya kurasa tatu, na hakuna hata mmoja aliyeonekana akifua nguo. Mama mwenye shamba kubwa la miti ya matunda, matunda ambayo hakuna mtu darasani aliyewahi kuyaonja, anakaribia kunyang'anywa kila kitu. Mfanyabiashara mmoja, mtoto wa watumishi wa shamba hilohilo, anambembeleza: likate vipande, pangisha, utaokoka. Mama haambiliki.

Nafasi ya mfanyabiashara alipewa Mama Pasi, maana alikuwa na sauti ya kubembeleza wateja. Mama mwenye shamba akawa mlinzi wa benki, mwanamume wa ndevu na kifua kipana, kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa na muda wa kukariri.

Jioni ya mazoezi, mlango wa darasa ulisukumwa. Mama mkwe huyo, mjukuu kiunoni.

"Amekataa kikombe," alisema kwa sauti ya kushitaki. "Anamtaka mwenyewe." Akamkabidhi mtoto, akatafuta dawati la nyuma, akakaa kuona hiyo elimu inayomtoa mke wa mtu nyumbani ni kitu gani.

Mazoezi yakaendelea, mfanyabiashara akinyonyesha. Mlinzi, kitambaa cha meza begani, akaeleza kwa huzuni jinsi anavyoipenda miti yake.

"Hebu ngoja!" sauti ilitoka nyuma. "Huyu mama ni mzima kweli?"

Watu wakageuka.

"Anaambiwa atoe kipande aokoe nyumba, yeye anatuimbia miti! Miti inamlisha? Inamvisha?"

Mama Pasi aliinua kichwa. Sasa, alijisemea. Sasa atajiona.

"Bibi," mwalimu aliuliza, amefurahi kupata mwanafunzi anayejibu, "unadhani kwa nini hasikii?"

"Kiburi. Halafu hakujaliwa mkwe wa kumwambia ukweli."

Darasa liliangua kicheko. Mama Pasi aliuma mdomo, akajifanya anamfuta mtoto pua isiyo na kamasi.

"Na mkwe akimwambia, atasikia?" mlinzi alichokoza.

"Kwa nini asisikie? Hana masikio?" Kisha macho yake yakatua kwenye sanduku la chaki lililosimamishwa wima na kufunikwa shuka. "Na hiki ni kitu gani?"

"Hilo ndilo kabati la familia, bibi, mama huyu analiaga mwishoni," alisema mwalimu.

"Hili? Watu wa shamba lote hilo wawe na kabati la chaki? Mnawavunjia heshima wenzenu! Kesho mje mchukue langu. Muone kabati."

Mama Pasi nusura amwangushe mtoto.

Kesho yake, vyombo vilihamia kitandani kwa mama mkwe, vikafunikwa blanketi kama wagonjwa. Mlinzi na wanafunzi wenzake waliliinua kabati, wakaliinamisha, wakanasa mlangoni, wakatukanwa, wakanasuka. Mama mkwe alilisindikiza hadi kona ya barabara akipiga kelele wasilikwaruze.

Aliporudi sebuleni alisimama ghafla. Jua lilikuwa limeingia lote kwa mara ya kwanza, limejimwaga sakafuni. Mtoto alishalifikia, analipigapiga kwa kiganja. Ukutani, katikati ya rangi iliyofifia, kulibaki umbo la kabati, na chini ya umbo hilo, kwenye vumbi, pakiti za sigara. Rundo zima.

"Za nani hizi?" aliuliza Mama Pasi, ingawa nyumba ile iliwahi kuwa na mvutaji mmoja tu, marehemu baba mkwe.

Mama mkwe aliokota moja, akainusa. "Aliniapia ameacha. Akashika na mkono wa mama yake mzazi." Akaketi juu ya kochi ambalo halikuwahi kukaliwa, likalia kwa mshangao. "Miaka yote hii nalifuta, nalifuta. Kumbe nang'arisha ghala lake!" Akaanza kucheka, machozi yakimtoka, akacheka mpaka mtoto naye akamfuata.

Mama Pasi aliinuka. Alileta meza. Gauni la mlinzi la kuigizia lilihitaji pasi, na mwanga ulikuwa pale dirishani, basi akalipigia pale. Alipiga polepole, hata mahali palipokwisha kunyooka.

Mpita njia mmoja alichungulia, suruali mkononi. "Jamani, hapa mnapiga pasi?"

Mama Pasi alilikazia macho pindo la gauni, mvuke ukimpanda usoni.

"Lete tuone," mama mkwe alijibu toka kwenye kochi. "Ila usiegemee ukuta."

Mtihani ulipita vizuri. Mlinzi aliliaga kabati kwa uchungu kiasi kwamba mtahini alivua miwani akaipangusa. Mama Pasi alibembeleza kama anavyojua kubembeleza, safari hii bila mtoto kifuani. Siku iliyofuata wanafunzi walilibeba kabati kulirudisha, wakitweta, wakalitua nje, mbele ya dirisha.

Mama mkwe alitokeza kichwa katikati ya mashati yaliyotundikwa.

"Nyie! Mnatuzibia mwanga! Wateja watatuona wapi?"

"Bibi, ni kabati lako," mlinzi alihema.

Mama mkwe alilitazama. Akanyoosha mkono nje ya dirisha, akafuta vumbi pembeni kwa ncha ya khanga yake. Kisha akakohoa kile kikohozi chake.

"Mwalimu wenu hana pa kuweka vitabu, nilimwona. Likae huko lisome kidogo." Akamgeukia Mama Pasi. "Mwanangu, ile suruali ya bluu uliyomuahidi mwalimu wa watu, iko tayari? Wape waipeleke, maadam wanarudi."