Kitabu cha Ndege katika Kibanda cha Pampu

Ndovu wa kwanza alipofika bwawani, Priscilla Wakio alijua kwamba jibu aliloliahirisha tangu asubuhi sasa halikuwa na pa kujificha.

Kibanda cha pampu cha shamba la mkonge, nje kidogo ya Voi, kilikuwa na mlango mmoja uliotazama maji, na dirisha dogo ubavuni. Yeye na Mwalimu Hudson walikuwa wameingia humo ili wawatazame ndege bila kuonekana. Gari walikuwa wameliacha ng'ambo ya bwawa. Kati yao na gari sasa kulijaa ndovu majike na watoto wao.

"Watakunywa waende," Mwalimu Hudson alinong'ona. "Ila wakianza kuoga, tumekwisha. Keti, mwanangu."

Alikuwa na haki ya kumwita hivyo. Wakio alipomaliza shule ya msingi kule Mghange, baba yake alikuwa ameshapokea posa. Ni Mwalimu Hudson aliyekwenda kukaa kwa mzee jioni baada ya jioni, mpaka mzee akachoka na kumwacha msichana aendelee kusoma. Sasa, mwaka 1978, msichana huyo alikuwa mkaguzi wa shule, na ndiye aliyetakiwa kusema kama kitabu cha mwalimu wake cha kuwatambua ndege wa Taita kinafaa kuingia madarasani. Akikikataa, hakuna mwingine wa kukipokea.

Kitabu kilikuwa mapajani mwake, karatasi zilizopigwa taipu na kushonwa kwa uzi wa mkonge. Picha Mwalimu alizichora mwenyewe, nzuri kuliko zote ambazo Wakio aliwahi kuziona. Lakini hakuulizwa kuhusu uzuri. Aliulizwa kama mtu asiyemjua ndege angeweza kumjua kwa kitabu hiki. Tangu asubuhi alikuwa amekijaribu kwa kila ndege aliyetua, akafaulu kwa kanga na hondohondo tu, ambao mtoto yeyote anawajua bila kitabu.

Ndege mdogo wa kahawia alitua kwenye bomba na kulia.

"Huyo namjua," Mwalimu alisema.

"Wewe unamjua. Mimi simjui. Hebu ninyamazie nisome."

Swali la kwanza la kitabu lilihusu ndani ya kinywa: njano au waridi? Ndege alikuwa amefunga mdomo. Swali la pili lilimtaka msomaji akunjue bawa na kuhesabu manyoya yenye ukingo mweupe. La tatu lilimtaka apulize manyoya ya kifua aone rangi ya ngozi.

"Mwalimu, nitampulizaje?"

"Mwombe kwa adabu."

Walicheka bila sauti. Ndege akaruka, akaenda zake.

"Ndege hawa ulijifunza vipi?" Wakio aliuliza, ingawa alishaanza kuelewa.

"Kama wavulana wote wa milimani. Kwa ulimbo. Unachemsha utomvu, unapaka vijiti, unangoja. Akinaswa unamshika, unamtazama vizuri, unamchora. Halafu unamsafisha miguu kwa mafuta na kumwachilia. Wengi waliruka."

Basi kosa lilikuwa hapo. Kwa Mwalimu Hudson, ndege alikuwa kitu cha kiganjani. Mtoto atakayepewa kitabu hiki atakuwa na njia mbili: akitupe, au apike ulimbo. Na tangu mwaka uliopita serikali ilikuwa imepiga marufuku uwindaji.

Ndovu mmoja alijisugua kwenye ukuta. Mabati yakalia, vumbi likawaangukia kichwani. Wakio alisikia pumzi ya mnyama dirishani, na kwa muda huo alifikiria sentensi moja ya uongo, fupi, ambayo ingemaliza kila kitu.

"Umenyamaza kama siku ile ulipovunja kengele ya shule," Mwalimu alisema. "Sema."

"Kinamtambua ndege aliyeshikwa. Aliye mtini hakimtambui. Kule Ngulia kuna watu wanaonasa ndege kwa nyavu, kuwavisha pete yenye namba mguuni na kuwaachilia. Kwao hiki ni kitabu bora."

"Wanasoma Kiswahili?"

"Wengi hawasomi."

"Haya."

"Unaweza kukiandika upya. Umbo, mwendo, namna anavyokaa tawini. Vile anavyoonekana kwa mbali."

Mwalimu aligeuza uso mlangoni, kwenye mwanga.

"Kwa mbali mimi sioni, Wakio. Ni miaka sasa. Hao ndovu nawasikia tu. Ninachokiona sawasawa ni mkono wangu."

"Na yule wa kwenye bomba?"

"Alilia."

Wakio alifungua kitabu tena, akatafuta sauti katika kila ukurasa. Haikuwamo. Mtu aliyemshika ndege hana haja ya kuuliza analiaje.

"Andika uamuzi wako," Mwalimu alisema. "Sasa hivi, tukiwa humu. Tukitoka utanihurumia, na mimi nitakuruhusu."

Wakio alitoa kalamu. Aliandika kwamba picha ni sahihi na maelezo ni ya kweli, na kwamba kitabu hakifai kwa shule. Akaeleza sababu zote, bila kupunguza hata moja. Akatia sahihi, kisha akamsomea kwa sauti ya chini, kama Mwalimu alivyokuwa akiwasomea imla darasani.

"Hakuna makosa," Mwalimu alisema.

Wakio alipoinua macho, bwawani hapakuwa na mnyama hata mmoja, ila matope yaliyovurugwa na njia nyeupe mpaka kwenye gari. Hakumwambia. Mwalimu naye, ambaye bila shaka alikuwa amewasikia wakiondoka, hakunyanyuka.