Futi ya Fundi

Mume wangu alikuwa fundi cherehani, mimi mwandishi wake wa vipimo. Yeye alizungusha futi kwenye mwili wa mteja na kutaja namba, mimi nikaandika daftarini: kiuno, nyonga, mguu. Tulifanya hivyo miaka ishirini na sita, katika chumba cha mbele, mlango wazi. Aliniita Kifungo. Alisema bila mimi angetembea wazi.

Alipoanza kulalamika tumbo, nilimpeleka kliniki. Daktari alikuwa msichana wa umri wa binti yetu. Alitazama picha ya ultrasaundi, akasema ini limejaa mafuta.

"Pombe siijui," mume wangu akasema. "Hata soda, huyu Kifungo ananihesabia."

"Si lazima pombe, baba. Kiuno kikubwa, sukari nyingi, kukaa kutwa. Tena ninaangalia ini, lakini ninachohofia ni moyo. Mafuta yakijaa hapa, mara nyingi mishipa ya moyo nayo iko hatarini."

"Loo! Nimekuja na kimoja, naondoka na viwili."

Daktari akacheka, kisha akampima kiuno: sentimita mia moja na tisa. Akamwambia atembee kila siku, apunguze sukari na vya kukaanga, ajitahidi kiuno kishuke chini ya mia. "Na baada ya miezi mitatu urudi nikupime damu, presha na moyo. Kishuke, kisishuke, urudi."

Nyumbani alichukua futi yake, ile ya kitambaa iliyokuwa shingoni mwake tangu nimjue, akajizungushia. Mia moja na tano.

"Umeona? Kanipima juu ya shati. Mimi nimepima viuno yeye hajazaliwa!"

Nikaandika mia moja na tano.

Alitii mengine yote. Kila jioni tulifunga mlango, tukatembea hadi kituo cha mafuta na kurudi. Alinikosoa mwendo, akawakosoa waliotutangulia suruali zao. "Tazama pindo la yule, kama limekatwa kwa meno." Nikicheka alinishika kiwiko nisijikwae. Siku hizo ndizo ninazozitamani, kuliko hata za ujana wetu.

Wiki ya kumi, futi ilisoma tisini na tisa. Alininyanyua juu, mtu mzima mimi, jirani yetu kinyozi akichungulia mlangoni.

"Mshushe, utamvunja!" kinyozi alipiga kelele.

"Niache! Niko chini ya mia!"

Siku ya kurudi kliniki ilipofika, meza ilikuwa imejaa sare za shule.

"Nikapange foleni nikaambiwe ninachokijua?" akasema.

"Daktari alisema kishuke, kisishuke."

"Kifungo, si umeandika kwa mkono wako?"

Nikachukua sare, nikaanza kuzikunja. Namba ile niliipenda mno.

Mwezi uliofuata, asubuhi, alisimamisha cherehani, akaweka mkono kifuani, akasema amechoka. Moyo wake ulisimama kabla hatujafika hospitali.

Baada ya msiba binti yetu aliniletea futi mpya ili niendelee na kazi. Niliilaza mezani kando ya ile ya baba yake. Mia moja ya ile kuukuu iliangukia mia moja na nne ya mpya. Nilizilaza tena, nikazinyoosha kwa kiganja. Miaka ya kuvutwa ilikuwa imeirefusha. Nguo za wateja hazikuharibika, kwa kuwa aliwapima na kuwakatia kwa futi hiyo hiyo. Yeye peke yake ndiye aliyepewa namba ya kufikia kutoka futi nyingine, ya daktari.

Nilizipeleka zote mbili kwa daktari.

"Ni hizi sentimita nne?" nikamwuliza.

Alizikunja, akanirudishia. "Si hizo, mama. Alipungua kweli, na kulimfaa. Natamani tu angerudi."

Nilikuwa nimeenda nikitumaini atailaumu futi.

Juzi kinyozi alikuja kuagiza suruali. "Vipimo vyangu vimo daftarini, shemeji."

"Simama nikupime upya. Umenenepa."

"Mie? Ni hili shati tu."

Nilimaliza kumpima, nikamwambia kesho twende kliniki, nami nitakaa naye kwenye foleni mpaka aitwe. Alitaka kufanya mzaha, akanitazama, akaacha.

Suruali yake nimeikata kwa futi kuukuu. Sina budi, daftari lote ni la vipimo vya futi hiyo. Ukurasa wa mume wangu nao upo: mia na tano, mia na tatu, mia na moja, tisini na tisa, kwa mwandiko wangu mzuri. Jioni nafunga mlango, natembea hadi kituo cha mafuta, futi yake ikiwa shingoni mwangu. Bado imejikunja pale shingo yake ilipoikunja. Natembea kandokando ya barabara, nikimwachia nafasi yake, na kiwiko nimekitoa kidogo.