Kijani Chini ya Blanketi

Kaka yangu ni kinyozi, na mtaani wanamwita Injinia. Si sifa. Jina hilo alilipata siku alipofungua redio ya jirani ili aisafishe, akairudisha imefungwa vizuri kabisa, pamoja na skrubu za kujaza kiganja ambazo hazikupata pa kwenda. Kwa hiyo aliponiambia kwamba kiyoyozi cha gari atakitengeneza mwenyewe, hapo hapo uani, nilimwambia akanyoe watu.

Alisema hana muda wa kubishana na mimi, na kweli hakuwa nao. Mama alikuwa anataka kwenda kumwona dada yake.

Mama ana ugonjwa wa neva ambao adui yake mkubwa ni joto. Asubuhi kukiwa na ubaridi anatembea, anashona, anatusema. Jua likipanda miguu inamlegea na macho yanaingia ukungu, mpaka akae penye ubaridi ndipo mwili umrudie. Mama Mkubwa, dada yake, yuko kitandani, mgonjwa, mwendo mrefu kutoka kwetu, na kila tukimpigia simu sauti yake ilikuwa imepungua. Usiku hakuna anayeipita barabara ile ya malori kwa hiari yake, na mabasi ya huko ni tanuri. Daktari alisema Mama anaweza kusafiri, mradi gari liwe na ubaridi. La kwetu lilikuwa linapuliza hewa ya moto.

Injinia aliniweka kwenye usukani, akaniambia niwashe injini, nibonyeze kitufe cha kiyoyozi, halafu ninyamaze. Hilo la mwisho alilisema mara mbili. Kompresa, ule moyo wa kiyoyozi, ikiwa nzima, alinieleza, inashika kwa mlio mdogo, tak, na wewe unausikia. Tulisikiliza. Hakuna tak. Fyuzi alizitazama, zote nzima. Akafunga geji za kupimia gesi za rafiki yake, fundi wa friji, na mshale ukabaki chini kabisa kama mtu aliyegoma kuamka. Gesi ilikuwa karibu imekwisha yote, na kompresa ikipungukiwa na gesi inazuiwa isiwake, isije ikajiua. Akasema ina akili kuliko watu fulani. Sikumuuliza kina nani.

Lakini gesi hiyo iliwekwa mwaka huu huu, na huyo huyo fundi wa friji. Ilikuwa imetorokea wapi? Kaka alipaka povu la sabuni kila mahali alipofika mkono, hakuna palipotoa hata kiputo kimoja. Nilianza kuvunjika moyo. Barazani Mama alikuwa amekaa na taulo bichi shingoni, anatutazama bila kuuliza chochote, na kule kutouliza kwake ndiko kulikoniumiza.

Ndipo fundi wa friji alipokuja na tochi yake ya mwanga wa zambarau na miwani ya njano. Alisema alipojaza gesi alitia na rangi kidogo, rangi ambayo kwa macho ya kawaida huioni. Mahali gesi ilipotokea, rangi nayo imetoka, ikabaki pale. Ila inataka giza. Tusubiri usiku? Injinia hakutaka hata kusikia. Aliingia ndani akarudi na blanketi zito la Mama, akalitupa juu ya boneti iliyo wazi, akaniambia niingie naye nishike tochi.

Niliingia shingo upande. Ndani ya blanketi, saa ya jua kali, juu ya injini ambayo haijapoa, jasho lilinimwagika mpaka kwenye nyusi, na nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia. Nikawasha tochi. Vyuma vyote vikawa vyeusi, na katikati ya weusi ule, chini, nyuma ya betri, kukang'aa nukta ya kijani.

Sijui niielezeje rangi ile. Si kijani cha majani wala cha chupa. Ilikuwa inajiwakia yenyewe, ndogo kuliko punje ya mchele, tulivu, na damu ilinisisimka mwili mzima. Gari hili tumelipanda miaka yote, tumelitukana, tumelisukuma, kumbe ndani yake kuna kitu kizuri namna ile kinangoja giza tu. Maneno yangu yote yalinipotea. Tulibaki tumeinama vichwa vikigusana, kama tulipokuwa watoto tunachungulia kiota.

"Unaona?" alininong'oneza, utafikiri itakimbia.

Tulipolitoa blanketi tukaona kilichotoboa. Bomba jembamba la alumini laini lilikuwa limefungwa uzi wa nailoni, ule mnene wa kushonea mikoba. Kila injini ilipotetema, uzi ule uliojaa vumbi ulilikereza bomba, kidogo kidogo, mpaka ukapita. Na fundo lake nililijua. Kila kitu nyumbani kwetu kina fundo lile, kuanzia mpini wa ufagio hadi miwani ya Kaka. Mama hawezi kuvumilia kitu kinachogongagonga.

Kaka aliukata uzi, akautia mfukoni haraka. Mama aliuona.

"Lete," alisema.

Aliushika, akaugeuza kwenye mwanga. Akasema ni wake. Bomba lilikuwa likilia kila tukipita kwenye mashimo, akalifunga, lisitupigie kelele. Halafu akauviringisha kidoleni mpaka ukambana.

"Basi nimejifungia njia mwenyewe," alisema. "Dada ananingoja, na mimi nimejifungia njia."

Fundi wa friji, ambaye hana maneno mengi, alisema tundu likishaonekana si tundu tena, ni kazi.

Akaivuta gesi kidogo iliyobaki akaihifadhi kwenye silinda yake, Kaka akaenda kwa muuza vipuri akarudi na bomba jingine, wakalifunga kwa mipira mipya ya kuzibia maungio, waliyoipaka mafuta. Kisha pampu ikanyonya hewa yote iliyokuwemo. Wakaizima, tukautazama mshale wa geji roho zikiwa juu. Haukusogea, maana yake hakuna panapovuja. Gesi ikaingia, na baadaye nikaisikia: tak.

Kaka aliniambia niguse. Bomba moja lilikuwa la moto wa kuunguza. Jingine, pale pale karibu, lilikuwa baridi, na chini ya jua lile la utosi likaanza kutoka matone ya maji. Fundi alinieleza kwamba ubaridi hauletwi kutoka popote. Ni joto linalobebwa kutoka ndani, likamwagwa nje. Nilisimama nimelishika bomba lile kama mjinga, sitaki kuliachia.

Tulimwingiza Mama kiti cha nyuma ajaribu. Tukafunga milango, tukasimama nje tunaungua, tunamtazama kupitia kioo. Alikaa sana. Kisha alinyoosha mguu mmoja, akaukunja, akanyoosha wa pili. Akateremsha kioo kidogo tu.

"Nileteeni viatu vyangu."

Kaka alisema tumepanga kesho asubuhi, na yeye hata hajanawa mafuta mikononi. Mama alisema atanawa huko. Yeye akitoka mle anaingia jotoni, kwa hiyo hatoki. Nilikimbia ndani nikachukua viatu, dawa na khanga, nikasahau kufunga dirisha.

Tuliposhika barabara kuu aliomba simu.

"Dada, usilale," alisema. "Nakuja."

Tukasikia sauti nyembamba ya Mama Mkubwa ikiuliza, kwa jua hili?

Mama aliinama mbele katikati yetu, akaisogeza simu kwenye tundu la kiyoyozi linalopuliza ubaridi, akaishikilia hapo ili dada yake asikie.