Mguu wa Mama Pindo Haudanganyi

"Mwalimu, nakwambia ukweli, mtoto akianza kusoma vitabu vyako, kabla hajageuza ukurasa ameshakoroma!"

"Na hivyo vyako je? Fisi kavaa suruali! Mtoto atajifunza nini hapo, mama?"

"Atajifunza kucheka! Kwani kucheka kumepigwa marufuku?"

Sikio halilali njaa, na mchana ule masikio yetu yalishiba hadi yakacheua. Ua wetu ni mmoja, milango ni mingi, na hakuna mlango uliobaki umefungwa. Mama Pindo, fundi cherehani wetu, alikuwa barazani na mguu kwenye pedeli. Mbele yake alisimama jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwalimu mstaafu tunayemwita Bwana Nukta, maana enzi zake ukiiruka nukta moja alikurudisha mwanzo wa ukurasa. Katikati yao, maboksi mawili ya vitabu.

Kisa chenyewe ni hiki. Alipostaafu, mzee wa watu hakutulia. Aliomba chumba kilichokuwa kimekaa bure pale shule ya msingi, akakipaka rangi, akagonga rafu kwa mkono wake, akafungua maktaba ya watoto. Vitabu akachagua peke yake: vinene, havina picha hata ya kuku. Watoto wakaja siku ya kwanza kuangalia rangi, basi. Mwalimu mkuu akamwambia achague upya, lakini hii ndiyo mara ya mwisho. Watoto wasipokuja, chumba kinageuzwa stoo ya madawati mabovu. Tangu siku hiyo Bwana Nukta alitembea kama mtu aliyefiwa.

Mwenye duka la vitabu akamwazima maboksi mawili, moja la historia na mila, moja la hadithi. Achague vya kujaza boksi moja. Jioni atapita kuchukua vitakavyobaki. Mzee, kwa kinywa chake mwenyewe, akaja kuomba ushauri kwa Mama Pindo, ambaye baraza lake halikauki watoto. Akaomba ushauri, akapata ugomvi.

"Tusigombane mpaka jioni," Mama Pindo akasema. "Wewe wasomee watoto hapa, mimi nashona. Mguu wangu haudanganyi. Umbea mtamu ukipita, unasimama wenyewe. Ukiwa umbea wa jana, unaendelea na kazi yake."

Tulicheka, lakini mzee akakaa. Watoto wakakusanywa, mjukuu wake wa darasa la tatu akiwa mbele, mikono mashavuni kama anayesubiri sindano.

Akaanza na kitabu cha wafalme. Mfalme akazaa mfalme, naye akazaa mfalme. Cherehani, tititi-tititi. Mjukuu akaanza kuchezea sisimizi.

"Umeona?" Mama Pindo akatamba. "Sasa msome fisi wangu!"

Fisi akasomwa. Ukurasa wa kwanza akafundishwa kuamka mapema, wa pili kunawa, wa tatu kuwaheshimu wakubwa. Tititi-tititi, hadi shati likaisha upande mmoja. Mama Pindo akautazama mguu wake kama ndugu aliyemsaliti mahakamani.

"Mama, mbona hujasimama?" mzee akauliza kwa upole wenye pilipili.

"Huyu si fisi, ni mhubiri! Lete kingine."

Mzee akachomoa kijitabu chembamba kutoka boksi la historia. Kilieleza kwamba zamani watu walipima kitambaa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, wakaita dhiraa. Basi palikuwa na muuzaji mmoja mwenye mikono mifupi...

Kimya. Cherehani imesimama.

"Ehe! Mwenye mikono mifupi akafanyaje? Akawapunja?" Mama Pindo akauliza.

"Babu, soma!" mjukuu akadakia. Tayari alikuwa anampima mwenzake mgongoni kwa kiwiko, na baraza zima likageuka soko: dhiraa mbili, dhiraa tatu, wewe umeniibia!

Kikafuata kitabu cha hadithi, cha bibi aliyefungiwa nje na mbuzi wake mwenyewe. Bwana Nukta akaanza kwa sauti ya darasani. Alipofika pale mbuzi anapojibu dirishani, "Mwenye nyumba hayupo, rudi kesho," akashindwa. Akalia kama mbuzi, akabisha hodi kama bibi, akazimeza nukta tatu nzima bila kujali, miwani ikamwanguka mapajani. Mama Pindo alikuwa ameegemea cherehani, anafuta machozi kwa shati la mteja.

Kuanzia hapo ikawa kazi moja tu: mguu ukisimama, kitabu kinaingia boksini, ukiendelea, kinarudi. Wafalme wakarudi. Fisi na suruali yake akarudi. Historia na hadithi zikalala pamoja.

Mwenye duka alipofika, alimkuta mjukuu amekalia kitabu cha mbuzi.

"Hiki harudishiwi mtu," mtoto akasema. "Babu, kesho unafungua chumba saa ngapi?"

"Na mimi nije?" mwingine akauliza.

"Mimi kwanza! Mimi nataka cha dhiraa!"

Mzee akajifanya anasafisha miwani, akaisafisha muda mrefu kuliko uchafu wake. "Mapema," akasema. "Nitafungua mapema sana."

Akalibeba boksi kifuani aondoke zake.

"Unakwenda wapi, mwalimu wangu?" Mama Pindo akamkemea, keshainuka kitini. "Weka hilo boksi chini. Chakula kimeiva tangu saa ile ya mbuzi. Na wewe wa duka, usisimame mlangoni kama mdai. Naweni mikono, ingieni ndani tule."